Tulifuata pesa ya unga: siku saba kutoka Katuba hadi njia ya Kasenga

Jumatatu, Katuba

Daftari langu ni la shule, jalada la bluu, limeanza kulegea kwenye uti. Ndani yake wamo akina mama 16 wa soko letu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na mbele ya kila jina, juma baada ya juma, nimeandika alichotoa kwenye likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu. Ndiyo maana sokoni wananiita Mama Kitabu. Fungua kurasa za Mei na Juni, zimejaa. Fungua Januari na Februari, utaona mashimo. Juma moja la Februari walitoa watano tu.

Kwa muda mrefu niliwalaumu moyoni. Halafu jioni moja nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni mwa kila juma bei ya meka ya unga ilivyokuwa siku zile. Bei sikuzitafuta mbali. Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye muuza unga mwenyewe, na hasahau bei kama vile wengine hawasahau siku ya msiba. Nilipomaliza, mashimo yote yalikuwa yamekaa palepale ambapo kalamu nyekundu imepanda.

Kwa asiyeijua meka: ni kopo la kupimia unga. Miezi ya neema, mama anayepima huzungushia mdomo wa kopo kiganja cha kushoto, vidole vikawa ukingo, unga ukapanda mpaka ukawa kilima, na mteja akaondoka anashukuru. Bei ikikaza, kiganja kinaondoka. Kilima kinabaki kidogo kama cha chungu. Bei aliyotaja inaweza kuwa ileile ya jana, lakini tumbo la nyumbani linajua kwamba kiganja hakikuwepo.

Mwaka jana zamu ya Februari ilikuwa ya mdogo wetu mmoja, mjane, fundi wa kushona kwa mkono. Alikuwa amekwisha kulipia nusu ya cherehani. Likelemba ya juma lile ikawa pungufu, na hiyo hiyo pungufu akanunulia unga, kwa sababu watoto wanne hawali cherehani. Mwenye duka akauza mashine kwa mwingine. Mashine ile ingeshona sare za shule za mtaa mzima, na binti yake mkubwa angepata kazi kando ya mama. Nimeliandika jambo hili kwenye ukurasa wake kwa maneno, maana tarakimu hazikutosha.

Nilisoma uchumi miaka mitatu hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kabla pesa ya masomo haijakwisha. Nakumbuka mwalimu akitufundisha habari ya Mjerumani Ernst Engel, aliyeonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya pato lake. Darasani ulikuwa mstari ubaoni. Katika daftari langu mstari ule una majina na watoto.

Basi kikao cha jana kimeamua hivi: Yaya na mimi tuende tuone unga unatoka wapi na pesa yetu inaenda wapi, kisha tuulize kama tunaweza kununua mahindi wenyewe wakati huu wa mavuno, tukayahifadhi hadi Januari. Tumepewa nauli na siku saba.

Jumanne, Kasumbalesa

Tumepanda basi dogo saa kumi na moja alfajiri, Yaya na kapu lake la mikate, mimi na daftari. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Zambia ni kama kilomita 90. Kabla ya kuona nyumba za Kasumbalesa tuliona malori, kichwa cha hili kwenye mkia wa lile, kilomita baada ya kilomita, injini zimezimwa. Yanayotoka yamebeba bamba za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Yanayoingia yana asidi ya migodini, saruji, mafuta, samaki wa barafu, unga na mahindi.

Kongo siku hizi ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na takriban 70% ya kobalti ya dunia inachimbwa kwenye udongo huu wetu wa Katanga. Kando ya lori moja la shaba, dereva alikuwa amewasha jiko la makala, yaani makaa, kwenye kivuli cha tairi. Anasonga bukari, ugali wetu. Mfuko wa unga uliokuwa karibu na goti lake una chapa ya ng'ambo.

“Papa, bunga uliuzia wapi?” Yaya alimuuliza.

“Hapa hapa, mama. Inatokea kule.” Akanyosha kidevu kuelekea Zambia, mikono bado iko kwenye mwiko.

Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na tani za shaba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asishangae swali la Yaya. Kwetu kuuza ni kununua, na mwenye bidhaa ndiye anayeuzisha. Dereva mwingine, wa Mbeya, aliyeleta mahindi ya Tanzania kupitia Tunduma, alituuliza kama tunauza mahindi. Yaya akamjibu kwa moyo mkunjufu: tunauza, tena kila siku! Ilibidi nitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini neno hilo limenikaa kichwani mchana kutwa. Mji wa watu mamilioni, uliozungukwa na ardhi inayopata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na kazi yake kwa unga ni kuuza kwa maana yetu ya Lubumbashi.

Vijana wa baiskeli wanapita na magunia matatu, manne, wamefunga mti kwenye usukani ili waweze kusukuma wakiwa wima. Wengine hawapiti mlango mkubwa. Mmoja alisimama kunywa maji, akatuambia ng'ambo wanajua kabisa kwamba unga wao unalisha Lubumbashi, na serikali yao ikishaona upungufu, ya kwanza kufungwa ni njia hii.

Tuliyaona hayo mwaka 2024. Mvua ilikatika kusini, na tarehe 29 Februari rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa: karibu hekta milioni moja za mahindi zilikuwa zimeharibika, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Zambia yenyewe ikaanza kutafuta mahindi nje. Kisha Agosti mwaka uleule mpaka huu ukafungwa siku chache kwa ugomvi wa vinywaji. Unga haukuwa ndani ya ugomvi ule, lakini Katuba tulikimbilia magunia kama watu waliosikia bunduki, na kiganja cha kushoto kikaondoka kwenye meka.

Mwaka huu wa 2025 mambo ni mengine. Wenzetu wametangaza mavuno makubwa kuliko yote waliyowahi kupata, zaidi ya tani milioni 3.6. Sokoni wapo wanaotuuliza tunahangaikia nini sasa, unga si umeshuka? Yaya anawajibu kwamba paa hutengenezwa kiangazi.

Pesa yetu niliiona kwa macho yangu. Mama mmoja mwenye duka la unga alifungua mfuko wa kitambaa, akahesabu franka zake, noti zilizochoka zenye harufu ya samaki na sabuni, noti za masoko yetu, akampa mbadilisha pesa chini ya mwavuli. Huyo akamhesabia kwacha. Kijana akazichukua, akavuka. Dakika tano, basi. Makuta yale, yaani pesa zile, kwa siku hiyo yamekwisha kazi Kongo: hayatamlipa fundi wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, hayatamfikia mwalimu, hayatarudi kununua nyanya kwa jirani. Yataenda kumlipa mkulima wa Zambia, ambaye serikali yake tangu 2002 inampunguzia bei ya mbolea na mbegu, na ina shirika lake la kununua mahindi ya akiba. Siwezi kuwalaumu. Gunia lile limebeba jasho la mkulima wao na kodi ya wananchi wao, na siku ya dhiki ni haki yao lilishe kwanza watoto wao.

Tumerudi usiku. Goti la Yaya limevimba.

Jumatano, Kamalondo

Leo Yaya amepumzika. Nimekwenda kumsalimia Nkambo, babu mzaa mama, anayekaa chumba kimoja mtaa wa Kamalondo, humu mjini, na redio yake.

Nilimsimulia habari za mpakani akatikisa kichwa. Hakuona jipya. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mwaka huohuo mji ulipoanzishwa, na tangu zamani ileile mahindi ya kulisha wachimbaji yalikuwa yakipanda kwa reli hiyo kutoka Rhodesia. Union Minière, iliyoundwa 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho: unga, maharagwe, samaki, mafuta, kwa kipimo, kila juma. Neno la namna hiyo lipo mpaka Kinshasa, ambako kwa Kilingala wiki nzima huitwa mposo. Wiki ilihesabiwa kwa chakula.

“Bazungu ba kampuni bilijua,” Nkambo alisema. “Muntu wa njaa haweze kuchimba.”

Niliandika sentensi hiyo. Wale hawakuwa watu wa huruma, walikuwa watu wa hesabu, na hesabu yao iliwaonyesha kwamba tumbo la mchimbaji ni sehemu ya mgodi kama ilivyo winchi. Lakini posho ile ilitulemaza kwa namna nyingine. Vizazi viwili vilikua vikijua kwamba unga unatoka kwenye dirisha la kampuni. Mji haukujenga ghala lake, haukutengeneza njia za kwenda kwa wakulima wake. Miaka ya tisini dirisha lilipofungwa, baba yangu alirudi siku ya posho na gunia tupu limekunjwa kwapani. Nilikuwa mdogo, nakumbuka alivyolitundika msumarini taratibu, kama koti.

Alhamisi, njia ya Kasenga

Fuso lilijaa sabuni, chumvi, madumu ya mafuta, na sisi juu yake. Lami hadi Kasomeno inavumilika. Baiskeli zinatujia kwa makumi, zote zimeelekea mjini, zote zimebeba makala, magunia yamepangwa juu mpaka msukumaji haonekani. Msitu wa miombo unaingia Lubumbashi kila siku kwa magurudumu mawili. Tangu asubuhi sikuona hata baiskeli moja ya mahindi.

Ndani ya fuso mazungumzo yalikuwa kilimo, labda kwa sababu ya swali la Yaya. Mzee mmoja alikumbuka enzi ya gavana Moïse Katumbi, aliyeyataka makampuni ya migodi yalime mahindi, hekta 500 kila moja. Mwingine akataja mahindi ya Kaniama-Kasese, yanayolimwa na vijana wa Service National, huduma ya taifa. Kijana mwenye begi la shule akataja Bukanga Lonzo, shamba kubwa la serikali: ilizinduliwa 2014, hekta 80,000, matrekta yakapigwa picha, na baada ya miaka michache pakabaki vyuma. Sikusema kitu. Nilikuwa nikiwaza kwamba katika kila mradi waliotaja, hakuna aliyemtaja mama mwenye nusu hekta, jembe moja na njia ya miguu, na ndiye tuliyekuwa tukimwendea. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga 10% ya bajeti zao kwa kilimo. Mtu akipita njia hii ataitafuta ahadi hiyo kwa tochi.

Kisha kuna kamba. Kamba ya manila inayovuka barabara, kiti cha plastiki, mtu mwenye kitabu cha risiti au asiye nacho. Nilihesabu tisa. Kila moja ina jina lake la ushuru, na mpakiaji wa fuso anayajua yote. Wakati wa kurudi na mazao ndipo kamba zinapokaza, aliniambia. Gunia la mahindi huonekana mbali kuliko katoni ya sabuni.

Tumelala kijiji kimoja mbele ya Kasomeno, kilomita kadhaa nje ya lami. Kilomita zile chache zimetuchukua muda mrefu kuliko safari yote ya asubuhi.

Ijumaa, kijijini

Mwenyeji wetu ni mama wa makamo, mwembamba, anayecheka kwa macho. Anachanganya Kibemba na Kiswahili na sisi tunamfuata bila shida. Mumewe yuko msituni kwenye tanuru la makala. Wanawe wawili wa kwanza wako Kolwezi, wanachimba. “Bilienda kutafuta makuta ya haraka,” alisema, bila kuwalaumu. Shamba ni nusu hekta, tena kubwa kwa nguvu za mama mmoja na mabinti wawili.

Mahindi yake yamesimama makavu, yamepauka. Alivunja gunzi moja akanionyesha matundu ya viwavijeshi. Udongo huku ni mwekundu, mchachu, unaotaka chokaa na mbolea, na yeye hana kimoja wala kingine. Mbegu ni ya msimu uliopita, na ya msimu uliopita ni ya msimu wa nyuma yake. Kwa wastani hekta ya mahindi nchini mwetu haifikishi hata tani moja. Kila hotuba ya kilimo niliyowahi kusikia inaanza na hekta milioni 80 zinazofaa kulimwa Kongo, na kwamba tunalima kama sehemu moja tu ya kumi. Hapa nimesimama kwenye hiyo sehemu moja inayolimwa, na hakuna aliyeijia.

Jioni alituambia jinsi mwaka unavyozunguka kwake, na hiki ndicho nilichokuja kusikia ingawa sikukijua. Januari chakula kimekwisha. “Mu Januari tunakulaka bowa na embe,” uyoga na maembe. Anakuja mfanyabiashara wa mjini na chumvi, sabuni na kidogo cha dawa. Anamkopesha, na malipo ni mahindi ambayo bado yako kijani shambani, kwa bei anayoitaja yeye. Mei anakuja kuchukua. Yanayobaki mama anayauza upesi, kwa sababu akichelewa fukusi watamaliza, na kwa sababu Septemba kuna shule. Ikifika Desemba yeye, mkulima, anatembea hadi barabarani kununua unga.

“Unga gani?” nilimuuliza.

Aliingia ndani akaleta mfuko mtupu, aliokuwa ameufua akaufanya wa kuwekea nguo. Chapa ileile ya kando ya jiko la dereva wa Kasumbalesa.

Yaya alinyamaza kwa muda mrefu. Ndiye mwenye maneno mengi katika sisi wawili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyumbani kwa mama huyu akiba inaoza. Alichota mahindi ya mwaka jana kutoka kwenye kikapu cha darini, akayamimina kwenye ungo, na ungo ukawa unatembea. Fukusi weusi, wadogo kuliko punje ya mtama. Ukiweka sikio karibu unawasikia wakitafuna, sauti kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Kila punje ina tundu, na ukiifinya inakuwa vumbi. Mengine yalikuwa na ukungu wa kijani. Hayo tulimwomba asiwape watoto wala kuku, maana ukungu huo ndio huacha sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi.

Yaya alifundishwa na mwalimu mmoja wa kilimo jambo ambalo nilikuwa silijui. Aliomba chupa ya glasi yenye kifuniko, kavu kabisa. Akatia mahindi mpaka theluthi, akaongeza vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa juani, akafunga, akatikisa kama anayetikisa mtindi, halafu akaiweka kizingitini. Tukangoja robo saa, mabinti wamechuchumaa mbele ya chupa. Alipoigeuza, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kuta za glasi, ukungu mweupe wa nukta nukta. “Bado yana maji,” alisema. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, ndipo yamekauka vya kutosha kuwekwa. Binti mdogo alitaka kurudia na mahindi yaliyokaa juani juu ya turubai siku tano. Kuta zilibaki safi. Alikimbia kumwonyesha jirani, na hadi magharibi nilihesabu chupa nne kwenye vizingiti vya kijiji.

Sehemu ya pili ni mifuko tuliyokuja nayo kutoka mjini: miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na wa tatu wa kusokotwa kwa nje. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unasokota shingo ya kila mfuko peke yake na kuifunga. Fukusi waliobaki ndani wanamaliza hewa wenyewe na kufa, bila dawa. Mfuko mmoja ni ghali kwa mama wa kijijini. Lakini nilipiga hesabu naye, kwa vijiti ardhini: akiweza kuyashika mahindi yake hadi Januari, tofauti ya bei kwenye gunia moja inalipa mfuko, na mfuko unatumika tena msimu ujao.

Mwalimu wa shule ya msingi alikuja kukaa nasi. Anasema kuanzia Desemba watoto wanalala juu ya madawati ikifika saa nne asubuhi, na yeye hawaamshi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 uliwakuta karibu 42% ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Nilimsimulia utafiti nilioujua chuoni, ulioanza 1969 katika vijiji vinne vya Guatemala. Vijiji viwili vilipata uji wenye protini kwa watoto wadogo. Watafiti waliwafuata mpaka utu uzima, na wanaume waliokunywa uji ule kabla ya miaka 3 walikuwa wakipata kwa saa ya kazi wastani wa 46% zaidi ya wenzao. Mwalimu aliomba nirudie namba. Kisha akatazama darasa lake, kuta za udongo na ubao uliopasuka, akasema polepole kwamba kumbe kuna kazi ambazo watoto wake wanazipoteza kabla hawajaandikishwa shule.

Nchi nzima, mwaka 2024, Wakongo zaidi ya milioni 25 walihesabiwa kuwa katika njaa kali, mamilioni kati yao mashariki ambako vita viliwatoa mashambani. Huku kwetu hakuna bunduki. Kuna kamba barabarani, fukusi, na mfanyabiashara wa Januari.

Jumamosi, kijijini na barabarani

Tumenunua. Akina mama wanane waliuza, sisi tulilipa pesa mkononi, kwa mizani na si kwa ndoo. Mizani ilileta vita kidogo: mfanyabiashara alikuwa akitumia ndoo iliyotolewa kitako na kuongezwa kingine chini, na kijiji kizima kilijua, ila walikuwa hawajawahi kuona kilo zikisomwa mbele yao.

Yaya alikataa kununua yote. Nilishangaa, pesa ilikuwepo. Alimwambia mwenyeji wetu: “Mama, yako ya kula yashike. Ukiuzisha yote, Januari utakuja kuuza kwangu, na mimi nitakuwa kama yule.” Wakaafikiana kwamba mifuko sita iliyofungwa ibaki nyumbani kwake, mitatu yake, mitatu yetu, na Januari tutarudi kuchukua yetu. Ikiharibika, hasara ni ya wote.

Nimeandika hesabu ya gunia moja juu ya goti, fuso likirukaruka. Bei ya kijijini ni chini kidogo ya nusu ya kile gunia lile litakuwa limetugharimu likifika Katuba. Usafiri umechukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Kamba tisa za kwenda zimekuwa kumi na moja za kurudi, na tulicholipa kwenye kamba kimezidi kile tulicholipa kwa mifuko na kusaga pamoja. Hata hivyo unga wetu umeingia chini ya bei ya duka. Si kwa kiasi kikubwa. Kama kamba zile zingekatwa, au zile kilomita chache za udongo zingewekwa kifusi, ingekuwa kiasi kikubwa.

Na pesa tuliyolipa imekaa Kongo. Nilimwona mama mmoja akienda moja kwa moja kwa mhunzi na jembe lake lililovunjika.

Jumapili, Katuba

Kikao kilianza baada ya misa, nyuma ya kibanda cha Yaya, magunia yamepangwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Akina mama 14 walikuja. Nilisoma kila senti. Walipitisha chupa ya chumvi mkono kwa mkono, wakiitikisa.

Mabishano yalikuwa makali na nilifurahi. Mama wa samaki aliuliza: “Mwana wangu akigonjwa mu Oktoba, nani atanikataza kuuzisha gunia yangu?” Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Baada ya saa nzima tulikubaliana kutenga sehemu ndogo ya likelemba kwa ugonjwa tu, na mahindi yasiguswe hadi Januari. Wawili hawakukubali, wakachukua pesa yao, na nimewaandikia hivyo bila kinyongo.

Mlango wa chumba una kufuli tatu, funguo tatu, kwa akina mama watatu, ili asifungue mmoja peke yake. Wa kwanza ni wa Yaya. Wa pili ni wa mama wa samaki, kwa sababu ndiye aliyebisha zaidi. Wa tatu walimpa mdogo wetu wa cherehani. Aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno, akaondoka kuwahi kushona sare ya mtoto wa mtu, kwa mkono.